Jibu la Kobe Kisimani

Ngano, wenzangu!

Ngano ije, tumekaa!

Hapo kale wanyama walikuwa watani, na kisima chao kililindwa na Kima. Desturi ilikuwa moja: ukifika, Kima anakutania. Ukimjibu, unateka. Ukishindwa, unaondoka mwenyewe, na hakuna wa nyuma yako anayeteka kabla hujajibu au kuondoka.

Mama Kobe akaja na kibuyu. Nyumbani watoto wake watatu walikuwa na kiu.

"Mtani!" akaita Kima. "Mwenye nyumba amekufukuza? Mbona umehama na paa?"

Kobe akawaza, akawaza, akawaza. Akaondoka. Alipofika mlangoni kwake, jibu likamjia: "Afadhali mimi nina paa. Wewe mvua ikinyesha unajitwika jani!"

Mimi hujiuliza, jibu likichelewa hivyo, huwa liko wapi?

Siku ya pili akalibeba jibu lake. Kima akasema, "Shingo ina makunyanzi, mtani! Ulipozaliwa, mlima ule ulikuwa kichuguu?"

"Wewe mvua ikinyesha unajitwika jani!"

Wanyama wakaangua kicheko. "Nani kataja mvua leo?" Kobe akarudi na kibuyu kitupu. Mtoto wa mwisho hakuweza hata kulia.

Siku ya tatu Kima akasema, "Miguu hiyo, mtani, umeiazima kwa konokono?"

Kobe akawaza, akawaza, akawaza. Kisha akamkumbuka mwanawe. Akaketi palepale, kwenye mdomo wa kisima.

Jua likapanda. Nyuma yake wakapanga foleni Swala, Ngiri, na mke wa Kima mwenyewe, mtungi kichwani.

"Jibu au uondoke!" akasema Kima.

"Jibu linakuja."

"Liko wapi?"

"Njiani."

"Mume wangu," mkewe akafoka, "wali unaungua huko!"

"Mtani, jibu gani lisilofika?" Kima akamwuliza Kobe.

Kobe akainua shingo polepole. "Si umesema miguu yangu nimeiazima kwa konokono? Basi na jibu langu limeazima hiyohiyo. Lisubiri."

Kima alicheka mpaka akaanguka kutoka kwenye tawi alilokalia. "Hilo ndilo jibu! Teka, mtani, teka!" Akamjazia kibuyu kwa mikono yake.

Basi, aliyekaa kimya usimhesabu kashindwa. Pengine jibu lake bado linatembea.

Ngano yangu nimeiacha kisimani, mwenye kiu akaichote. Nawe uliyeniuliza jana kwa nini kichwa changu hakina nywele, kaa hapohapo. Jibu linakuja.