Konzi ya Maji

Imepokewa kutoka kwa wakweli waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji mmoja chini ya mlima palikuwa na bustani ya wakfu. Bibi mmoja mcha Mungu aliitoa kwa ajili ya Mola wake, kwa sharti kwamba kila msafiri atakayelala msikitini apate chungu cha mboga. Mtunzaji wake alikuwa mja mwema aitwaye Khuzaima bin Nasri. Alikuwa mwingi wa saumu, mwingi wa dhikri, na, Mola amsamehe, mwingi wa haraka pia. Mtu wa kuitikia "Amina" dua ikiwa bado katikati.

Mwaka huo konokono wasio na gamba waliivamia bustani. Wakala mchicha, wakala figili, kila walipopita wakaacha vijiti. Na Ijumaa ulikuwa ufike msafara wa mahujaji arubaini. Khuzaima akashika punda wake, akaenda mbio kwa Bi Mayasa, mjane mzee aliyewaokea mikate wageni wa msikiti, akamwomba shauri.

"Dawa yao jivu, mwanangu," akasema Bi Mayasa, akimjazia magunia mawili kutoka tanurini. "Jivu la kuni lililopoa. Konokono hawalipendi kabisa, na ardhi hulipenda likiwa kidogo. Hili litakutosha hata mwakani. Sasa sikiliza, na usinikimbie." Akafumbata mkono akamwonyesha. "Kila shina, konzi ya jivu, kibaba cha maji. Umeshika?"

"Nimeshika, mama!" Alikuwa ameshafika mlangoni.

Akashika njia akikariri: "Konzi ya jivu, kibaba cha maji. Konzi ya jivu, kibaba cha maji." Penye kona akakutana na Tamimu, mshona viatu, ambaye salamu zake zilikuwa ndefu kuliko kamba ya kisima. Akamuuliza hali yake, hali ya mkewe, hali ya shemeji zake, hata hali ya punda, na punda mwenyewe yupo hapo hapo anasikiliza. Khuzaima akajibu yote kwa adabu, maana kurudisha salamu ni wajibu. Alipoachiliwa akaendelea kukariri: "Kibaba cha jivu, konzi ya maji. Kibaba cha jivu, konzi ya maji."

Akafanya vivyo hivyo. Kila shina alilifukia kwa kibaba kizima cha jivu. Kisha akachota maji kwa mkono, akafumbata, maji yakamponyoka yote vidoleni, yakadondoka matone matatu. "Subhanallah," akasema, "dawa hii ina siri." Jivu la mwakani likaisha siku ile ile, na matuta manne ya ukutani yakakosa.

Siku ya tatu matuta yenye jivu yaligeuka manjano. Majani yakajikunja, udongo ukawa mkali kama magadi. Yale manne yasiyopata kitu yalibaki kijani, na konokono wao wakiwa na afya njema.

Tamimu alipoona hayo hakungoja shahidi. "Penye jivu pamekufa, pasipo jivu pazima! Bi kizee katia chumvi humo!" Neno likazunguka mji, likamfikia Sheikh Wahbi, msimamizi wa wakfu. Akaagiza Bi Mayasa afike baada ya sala ya Alasiri. Ikithibiti kwamba ameiharibu mali ya wakfu, hatawaokea wageni tena, na tanuri lile ndilo lililokuwa likimlisha.

Khuzaima akaenda kutawadha. Akachota maji ya kunawa uso, na kwa wingi wa fikra akaufumba mkono. Akaufumbua: mtupu. Akachota tena, akafumba tena. Mtupu. Nani duniani aliwahi kupima maji kwa konzi? Hapo maneno ya Bi Mayasa yakamrudia kama yalivyotamkwa.

Alisali, lakini Mola ndiye ajuaye alisali nini.

Uani mwa msikiti, Sheikh Wahbi akamuuliza mjane yule kwa upole: "Bi Mayasa, jivu lako lilikuwa na nini?"

"Kuni tupu, ewe Sheikh. Lakini maneno niliyomwambia mwanangu huyu, sikumbuki vyema nilivyoyapanga. Ulimi huu una miaka sabini. Ikiwa niliteleza, kosa ni langu. Mnisamehe."

"Si mmesikia?" akadakia Tamimu. "Amekiri!"

Nafsi ya Khuzaima ikamnong'oneza: Nyamaza. Wewe hujasema uongo. Mama mwenyewe amejitwika, wewe kazi yako kufunga mdomo tu, na ukimya ni ibada! Ibilisi naye akitaka huwa mwanachuoni. Miaka kumi na miwili Khuzaima ameitumikia bustani ile. Akiondolewa, hana pa kwenda. Akamtazama yule ajuza, ameinamisha kichwa kwa kosa asilolitenda, mikono bado ina unga.

Akainuka.

"Ewe Sheikh, mama alisema sawa, mimi nikageuza. Aliniambia konzi ya jivu, kibaba cha maji. Nikatia kibaba cha jivu na konzi ya maji."

Sheikh Wahbi akakunja uso. "Konzi ya maji?"

"Naam."

"Uliifumbataje?"

Khuzaima akanyoosha mkono, akaufumba, akauonyesha. "Hivi."

Mabega ya Sheikh yakaanza kutikisika, kilemba kikamteleza hadi jichoni, na ua mzima ukaangua kicheko. Bi Mayasa alicheka huku akifuta machozi kwa ncha ya shela. "Njoo hapa, mwanangu. Inama. Konzi ya maji umeshaitoa, sasa pokea ya kichwa!" Akamgonga utosini kwa vifundo vya vidole, taratibu, mara moja, kisha akamwombea dua.

Sheikh akakirudisha kilemba mahali pake. "Bustani itabaki mikononi mwako, Khuzaima. Mboga zitaota, ila mtu wa kujishitaki mwenyewe sijui ningempata wapi. Kuanzia leo, ukiagizwa jambo, lirudie mbele ya aliyekuagiza. Nawe, Tamimu, mwombe radhi mama huyu, na uifanye fupi!"

Jioni ile watu wakaingia bustanini na majembe, wakalikwangua jivu, wakaimwagia ardhi maji mpaka ukali ukaisha. Ijumaa mahujaji wakala mboga za matuta manne, baada ya Tamimu kuwaokota konokono mmoja mmoja kwa mkono wake. Na wiki ya pili, chipukizi la kwanza lilipotokeza, Khuzaima alisujudu palepale kwenye tope. Alipoinuka uso ulikuwa mweusi tii, na wasimulizi wanasema hapakuwa na uso uliong'aa kuuzidi mjini kote.

Ndugu yangu katika imani, ulimi una dhambi zake, na kimya nacho kina zake. Zipo siku ambazo kunyamaza ni taa ya mja. Na ipo siku ambayo kunyamaza ni kutoa ushahidi wa uongo bila kufungua kinywa. Siku hiyo ikifika, Mola atujaalie kuitambua, na atupe miguu ya kuinukia.