Kiapo cha Pimbi Mbele ya Chui

Jongeeni, watoto, tulieni kama kusanyiko lingojalo neno. Zamani za kale, miamba ilipokuwa na milango na mvunja kiapo hakuepuka radi, Pimbi alimficha jikoni mwake mtoto wa Digidigi.

Gu! Gu! Gu! Mlango ukatikisika.

"Pimbi! Fungua! Nasikia harufu ya nyama changa!" Ilikuwa sauti ya Chui.

Pimbi alimsukuma mtoto kwenye ufa wa nyuma. "Kimbia, mwanangu. Mama yako yuko ng'ambo ya korongo. Ukimfikia, apige mluzi." Kisha akafungua mlango kidogo, akauziba upenyo kwa mwili wake mdogo.

"Karibu, Bwana Chui. Na Fisi naye! Hamjambo?"

"Acha salamu. Apa kwamba utanipa nyama hiyo, ama niibomoe nyumba."

"Nitaapa, bwana wangu. Lakini mcha Mungu haapi kabla ya kunawa."

Akanawa mkono wa kulia. Akanawa wa kushoto. Mluzi bado. Akiapa kabla mtoto hajatoka ufani, atamtoa. Akiapa uongo, radi itamshukia. Akanawa tena.

"Unanawa au unaoga?" Fisi akacheka.

Zik-zik! Mluzi, ng'ambo ya korongo.

Pimbi akainua mkono. "Mbele za Muumba naapa: kila mtoto wa Digidigi aliyemo nyumbani mwangu ni wako, hata wa mwisho."

Aliogopa swali moja tu: Chui asije akauliza, "Yumo?"

Chui hakuuliza. Alilamba midomo. "Kila! Nami naapa: usipolivunja neno lako, sitaugusa mlango huu milele. Fisi, wewe shahidi."

Wakaingia. Kang'ara-kang'ara! Vyungu vikapinduliwa, kuni zikatawanywa. Patupu.

"Umevunja kiapo!" Chui akafoka.

"Nionyesheni aliyemo ambaye nimekunyima," akasema Pimbi. "Mmoja tu, nami nipigwe na radi."

Fisi akachungulia hata chunguni, akajikuna. "Bwana, wa kuonyesha hatunaye. Alisema kila aliyemo. Hakusema yumo."

Mbingu ikanguruma kidogo. Chui akatoka taratibu, mkia chini, amefungwa na ulimi wake mwenyewe.

Watoto wangu, neno "kila" halimzai asiyekuwapo. Basi wewe usikiaye "kila" na tumbo lako likajijazia mengine, nakuhurumia, lakini nakuonya: tubu leo, na kabla hujala kiapo, uliza kwanza, "Yupo?"