Karatasi Juu ya Printa

Wapendwa, leo nimepanda mimbarini na hasira, na sitaifunika kwa tabasamu. Nisikilizeni.

Kulikuwa na zahanati moja yenye printa kubwa ofisini, ya aina inayosoma karatasi na kuzituma kwa mtandao. Majibu yote ya vipimo vya wagonjwa yalipita kwenye printa hiyo kwenda kwa daktari wa mjini. Karani akitaka kubadilisha mipangilio yake, alifungua kompyuta akaandika anwani ya printa, na kila mara lilitokea onyo jekundu: “Ukurasa huu si salama. Huenda kuna mtu anataka kuiba taarifa zako.”

Fundi akaitwa. Akasema, “Cheti cha usalama cha hii printa, kile kinachoithibitishia kompyuta kuwa ni yenyewe, kimeisha muda, ndiyo maana kompyuta haiiamini. Nipeni asubuhi moja niweke kipya, onyo litaondoka.”

Mkuu wa ofisi akacheka. “Asubuhi nzima tukae bila printa? Fundi, printa ni yetu, hiyo hapo tunaiona. Itatuibia nini?” Akachukua karatasi, akaandika kwa herufi kubwa, akaibandika ukutani juu ya printa: UKIONA ONYO, BONYEZA ENDELEA.

Wakaishi hivyo. Karani mpya akija, hilo ndilo lilikuwa somo lake la kwanza. Hivi jamani, hiyo ni akili? Unampokea mtu kazini kwa kumfundisha kupuuza hatari?

Sasa akatokea mtu mwenye nia mbaya. Akaingia kwenye wifi ya zahanati, maana neno lake la siri mtaa mzima ulikuwa nalo, akatengeneza ukurasa wa uongo unaofanana kabisa na ule wa printa, akautega ili anayeandika anwani ya printa aangukie huo. Karani akafungua kama kawaida. Onyo likatokea. Safari hii lilikuwa la kweli tupu, lakini angelijuaje? Lilikuwa na sura ileile ya onyo la kila siku, lile walilokataa kulitengeneza. Akabonyeza Endelea, akaandika neno la siri la printa, na mwizi akalipata. Tangu hapo kila jibu lililopita kwenye printa ile lilimfikia na yeye.

Palikuwa na mama mmoja muuza maandazi. Ugonjwa wake aliujua yeye na nesi wake, basi. Majibu yake yakazunguka kwenye simu za mtaa mzima. Maandazi yakalala kwenye beseni. Akipita njiani, watu walewale aliowalisha asubuhi zote waliwaita watoto wao ndani.

Akaenda zahanati. “Nani amenitangaza?”

Mkuu akamjibu kwa upole, “Pole sana, mama. Hawa ni wahalifu wa mitandaoni. Sisi hatukujua kitu, hatukupata hata dalili.”

Yule mama alikuwa anatazama ukutani. Akasoma kwa sauti, polepole, “Ukiona onyo, bonyeza endelea.” Akaibandua ile karatasi, akaiweka mezani mbele ya mkuu. “Kumbe mliambiwa, baba. Mliambiwa kila siku.”

Naona mnatikisa vichwa, mnamlaani mkuu wa watu. Msijisumbue. Karatasi ile tunayo sisi, tena tumeibandika wenyewe.

Mtoto anasema, “Sitaki kulala kwa mjomba,” tunamwambia aache deko. Dada anaingia ibadani amejifunga mtandio shingoni kwenye joto hili, na sisi tunamsifia mtandio. Kijana ameacha kula, ameacha kucheka, tunasema ni umri, utapita. Onyo lile tumelizoea hadi limekuwa kama pambo la nyumba. Halafu siku ya msiba tunakaa mkekani, tunashika tama, tunasema hatukujua. Hatukujua nini? Nani kati yetu hapa hakuambiwa? Inaniuma, ndugu zangu, kwa sababu kulisikiliza kungetugharimu asubuhi moja tu, na asubuhi hiyo tuliwanyima.

Msiniitikie amina. Amina yenu ya leo siitaki. Nendeni nyumbani, mkamwite yule mtoto aliyesema hataki kwenda kwa mjomba. Mwulizeni kwa nini. Kisha nyamazeni mpaka amalize.