Faini ya Debe la Majivu

Majivu ni mepesi kwa mwenye kuni.

Neno hili tulilisikia uwanjani, siku kamati ya ligi ya vijana ilipotangaza kwamba kila mchezaji atakayeonyeshwa kadi ataleta mpira mpya. Mama mmoja aliyesimama nyuma, mtoto mgongoni, alilisema kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayetaja bei ya viazi. Wakubwa wakacheka, halafu wakaacha kucheka. Mwenyekiti akakohoa. Sisi tuliovaa njumu tukatazamana. Majivu yameingiaje kwenye mpira?

Tukaenda kwa Babu Ilomo. Zamani alikuwa kipa, na vidole vyake mpaka leo vinaelekea kila upande, kana kwamba kila kimoja kinafuata mpira wake. Tulimkuta anamenya viazi.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba. Mmefungwa ngapi?"

"Hatujacheza, Babu. Tumekuja kuuliza maana ya methali."

"Basi mmeshafungwa," akasema, akatuonyesha magogo ya kukalia. "Kaeni. Nitawaambia neno hilo lilikotoka. Mimi nilikuwepo, kwa hiyo mtu asinisahihishe."

Akasimulia hivi, huku kisu kikienda polepole.

Siku zile ligi ya vijana huku juu Makete ilichezwa mawinguni. Sitii chumvi. Uwanja wa Kilimani uko mgongoni mwa mlima, na mchana ukishageuka ukungu hupanda kutoka bondeni taratibu, kama ng'ombe wanaorudi nyumbani. Unaingia uwanjani bila kiingilio na kukaa popote unapopenda. Ulikuwa unampa mwenzako pasi, anapotea nayo, unasikia watu wanashangilia, unabaki umesimama kusubiri uambiwe bao ni la nani.

"Na wewe Babu, ulifungwa mangapi humo?"

"Mimi sikufungwa. Ulifungwa ukungu."

Kwa sababu hiyo mistari ya uwanja ilikuwa jambo kubwa. Chokaa ilitoka mbali, na ikifika, mvua inailamba. Tukatumia majivu. Tuliyamwaga kwa wingi, mstari mpana kama mkeka wa mtoto, na katika weupe ule wote mstari wa kijivu ndio kitu pekee ulichoweza kukiamini. Majivu yenyewe yalitoka kwa wakosaji. Hiyo ndiyo ilikuwa faini yetu. Ukimkwatua mwenzako, ukivuta jezi, ukimtukana refa, unaleta debe la majivu. Na yawe ya jiko la kwenu. Huruhusiwi kuomba majivu kwa jirani, wala kuni za kuyapatia. "Jiko lililomlea mkosaji ndilo litakalolipa," alisema mwenyekiti wa ligi, Mzee Mahenge. Usipolipa mpaka asubuhi ya mechi, huchezi.

Mzee Mahenge aliipenda haki kama wengine wanavyopenda sukari. Debe la kupimia lilikuwa moja tu, analilaza chumbani kwake, na majivu ya kila mkosaji aliyashindilia kwa ngumi yake mwenyewe asije akaambiwa amependelea. "Debe ni debe," alikuwa akisema. "Halijui huyu mtoto wa nani." Sote tulipiga makofi.

Sasa, timu ya Bondeni walikuwa na beki anaitwa Festo Sanga. Baba yake alikuwa na msitu wa mipaini na vijana wa kupasua mbao, na mama yake ndiye aliyewapikia. Kwao meko matatu hayakuzimika. Uani kulikuwa na kilima cha majivu, hata kuku wao walitembea kama wametoka kuoga unga. Basi Festo alikwatua watu kama anafyeka njia ya kwenda shambani. Kila mechi debe, na mechi nzuri madebe mawili. Ukicheza winga ulikuwa unakimbia juu ya makosa ya Festo kutoka kona mpaka kona. Siku moja alifika uwanjani na debe limejaa kabla refa hajapuliza filimbi. Mzee Mahenge akamwuliza, "La kosa gani hili?"

"La leo, Mzee," Festo akasema. "Bado sijamchagua mtu."

Tulicheka mpaka tukakaa chini. Na kamati ikalipokea lile debe! Sheria haikusema kwamba kosa lazima litangulie.

Sisi wa Kilimani tulikuwa na winga, Yoramu Tweve. Alikimbia kama kitu unachokiota. Asubuhi unakumbuka kimepita, lakini hukumbuki kilikuwa na miguu mingapi. Aliishi na bibi yake, Bibi Sekela, nyumba ya mwisho kijijini. Kwao moto uliwashwa mara moja kwa siku, jioni, tena kwa vijiti. Misitu ilikuwa ya watu au ya serikali, na Bibi aliokota kile ambacho upepo umekiangusha. Majivu kidogo aliyopata aliyanyunyizia kabichi zake zisiliwe na wadudu. Yoramu hakuwahi kuonyeshwa kadi hata moja. Sisi tulidhani ni upole.

Fainali ilikuwa ya mechi mbili. Ya kwanza ilichezwa Bondeni, na Festo alimkwatua Yoramu jinsi alivyotaka. Karibu na mwisho, Yoramu akiwa chini, Festo akamkanyaga mkono na kumwinamia. "Inuka, bwana mdogo. Wewe nimeshakulipia." Yoramu akainuka, akampiga teke la goti. Refa akatoa kadi mbili. Mzee Mahenge akaja mpaka katikati ya uwanja akatangaza: Festo debe moja, Yoramu debe moja, sawa kwa sawa. Makofi yakalia pande zote mbili. Bibi Sekela naye alikuwepo, naye alipiga.

Marudiano yalikuwa Jumamosi, kwetu. Na siku hiyohiyo mwalimu wa michezo wa sekondari moja ya Njombe alikuwa ameahidi kupanda mlima kumwangalia yule winga mwembamba. Akimpenda, atamchukua akasome na kulala huko bila ada. Yoramu alikuwa amemaliza la saba, amefaulu, na amekaa nyumbani anahesabu kabichi. Asipocheza Jumamosi, mwalimu angekuja kutazama ukungu na kurudi zake.

Festo alilipa jioni ileile. Yoramu akaanza kuokota vijiti. Wiki ile ilikuwa ya manyunyu, na kijiti chenye maji hulia motoni kuliko kinavyowaka. Alichoma mzigo mzima, akapata majivu ya kujaza kofia. Ijumaa akaenda mbali, mpaka ng'ambo ya mto, akarudi alasiri ukungu umeshapanda. Alinisimulia mwenyewe. Alisema aliiona nyumba yao inang'aa ndani ya weupe, na mwanga umesimama wima mbele yake kama mtu anayemsubiri mlangoni. Akausalimia. Haukuitika. Aliposogea ndipo akaona kwamba hakuna mtu, wala mlango haupo.

"Bibi! Mlango uko wapi?"

"Umo kwenye ndoo," Bibi Sekela akasema. "Tua mzigo, mume wangu, uje ule."

Ua wa mianzi ulikuwa umeshaungua. Kigoda kimeungua, na kihenge cha mahindi pia. Ukungu ukaingia ndani kimya kimya, ukakaa karibu na moto, wakala kama watu watatu.

Asubuhi ya Jumamosi Mzee Mahenge akaenda kupima. Mimi nilikuwa kapteni, kwa hiyo nilimfuata kama shahidi wa timu, nimembebea debe lake. Ukungu wa jana ulikuwa haujaondoka, huwezi kuona miguu yako. Mzee akafika, akasema "Hodi," akainua mkono agonge, akagonga hewa. Akautazama mkono. Akasogea hatua moja akajaribu tena. Nilitaka kucheka, kicheko kikakataa kutoka.

"Karibu, Mwenyekiti," Bibi Sekela akaitikia kutoka ndani. "Pita tu. Ukungu umekutangulia."

"Kamwene, Bibi," Mzee akamsalimia kikwetu.

"Kamwene. Majivu yako haya hapa."

Akayamimina katika debe la Mzee, yakafika karibu na mdomo. Mzee akapiga magoti, akakunja ngumi, akashindilia kama kawaida yake. Yakazama. Akashindilia tena, yakashuka mpaka nusu, na ngumi ikagonga kitu kigumu. Akachovya vidole akakitoa. Kilikuwa chuma cheusi.

"Hiki nini, Bibi?"

"Bawaba. Itoe, isije ikaniongezea kipimo."

"Bawaba ya nini?"

"Ya pale ulipokuwa unagonga."

Mzee akageuka, akapatazama pale. Yoramu alikuwa ameegemea ukuta, jezi mwilini.

"Kwa nini hukunijia, Bibi? Kwa nini hukusema?"

"Niseme nini? Mtoto alikosa. Amempiga mwenzake teke, nimeona kwa macho yangu. Ukasema debe ni debe, nami nikapiga makofi." Akajipangusa mikono kwenye kanga. "Na yule mwenzake, amelipa?"

"Amelipa. Siku ileile."

"Alilileta anatweta?"

Mzee Mahenge akaigeuza ile bawaba mkononi. Mtu wa haki ana shida moja, hawezi kudanganya hata anapotamani. "Hapana, Bibi," akasema. "Alilileta anapiga mluzi."

"Eeh." Bibi Sekela akatikisa kichwa, bila hasira, kama mtu aliyeambiwa kwamba kesho kutanyesha. "Majivu ni mepesi, Mwenyekiti. Ni mepesi kwa mwenye kuni."

Mzee, magoti bado chini, chuma mkononi, akachungulia ndani ya debe. "Halijajaa," akasema.

Yoramu akaanza kuvua jezi.

"Nani amekwambia uvue?" Mzee akafoka. "Vaa! Utashikwa na baridi, nyumba yenyewe haina mlango!"

Mchana, watu wamejaa, mwalimu wa Njombe amejifunga koti mpaka kidevuni, Mzee Mahenge akasimama katikati ya uwanja. Akasema kuanzia leo hakuna tena faini ya majivu. Kosa litabaki kosa, lakini mkosaji atalipa kwa kitu ambacho kila mtoto amepewa sawasawa, nacho ni muda wa kucheza. Festo Sanga na Yoramu Tweve watakaa nje kipindi chote cha kwanza, benchi moja.

"Mzee, mimi si nimeshalipa?" Festo akapiga kelele.

"Jiko la mama yako limelipa. Wewe bado. Majivu yako utarudishiwa."

"Nikayafanyie nini?"

"Hilo ndilo swali," Mzee akasema. Kisha akachukua lile nusu debe la Bibi Sekela, akainama, akachora kwa mkono wake mstari wa pembeni, upande wa kulia.

Wakakaa. Festo hajawahi kuketi wakati wa mechi, alikuwa anajikunja na kujikunjua kama mtu aliyekalia siafu. Mpira ulisikika tu humo ndani ya ukungu, mara huku, mara kule. Baada ya muda akauliza, bila kumtazama mwenzake, "Ni kweli mmechoma mlango?"

"Kweli."

"Na usiku ilikuwaje?"

"Baridi."

Festo akaacha kujikunja, akatulia benchini mpaka mapumziko.

Kipindi cha pili wakaingia wote wawili. Sasa mnisikilize, maana hapa hata mimi sijui niliona nini na niliota nini. Ukungu ulikuwa mzito kama maziwa mgando. Nilikuwa golini, na mbele yangu hakuna dunia, ila ule mstari wa kijivu unakwenda, unakwenda, unaishia pasipojulikana. Yoramu akapita juu yake. Mtoto alikuwa anakimbia juu ya mlango wa kwao. Alionekana, akafutika, akaonekana mbele zaidi. Festo akamfikia mara mbili, na mara zote mbili niliuona mguu wake umeinuka tayari, halafu ukashuka chini wenyewe. Safari hii hakuwa na cha kulipia isipokuwa yeye mwenyewe. Krosi ikapigwa. Ikawa kimya. Kisha watu wa upande ule wakaruka, na shangwe ikatufikia imechelewa, kama mwangwi.

"Nani alifunga, Babu?"

"Hatujui mpaka leo. Wamejitokeza watu wanne. Lakini krosi ilikuwa ya Yoramu."

Mwalimu wa Njombe akamwendea Mzee Mahenge. "Nimeona nusu ya mechi," akasema, "na katika nusu hiyo ukungu umeniachia robo. Inanitosha. Mtoto nitamchukua. Ila niambie, mbona kipindi cha kwanza alikuwa nje?"

"Alikuwa analipa."

"Na amemaliza?"

"Yeye amemaliza," Mzee akasema. "Sisi bado."

Watu walipoanza kutawanyika, Mzee Mahenge akaenda kwenye ofisi ya kamati, kile chumba cha matofali nyuma ya goli, akang'oa mlango wake, akajitwika kichwani. Akakataa kusaidiwa. Ukungu ulikuwa umemmeza chini yake, kwa hiyo wote tuliokuwa njiani tuliona mlango unatembea wenyewe, unapanda mlima polepole, unatafuta nyumba. Watoto walikimbia. Wakubwa walisimama pembeni wakaupisha.

"Mzee Mahenge, ni wewe?" wakaita. "Unatweta! Mzito huo?"

Na kila aliyeuliza alijibiwa neno lilelile kutoka chini ya mbao, kwa sauti ya mtu asiye na pumzi, hata jioni ile hakulala mtu kijijini ambaye hajalisikia:

"Majivu ndiyo mepesi, ndugu zangu. Majivu ni mepesi kwa mwenye kuni."