Pijo Lililokataa Msaragambo

Kabla hujasukuma, muulize aliyeegesha. Jana mwenyekiti alimtolea maneno hayo yule bwana aliyetaka kubomoa ukingo wa mfereji bila kujua nani aliujenga wala kwa nini. Nyinyi mkacheka, na leo mmekuja kwangu kuuliza gari na mfereji vinahusiana nini. Haya, kaeni. Lakini anayetaka kuchezea simu aende akachezee nje, mimi sisimulii mara mbili. Methali hii haikutoka kwa wahenga wa kale. Imezaliwa hapahapa kijijini, na mama zenu wengine walikuwepo wakisukuma. Chanzo chake ni gari la marehemu Mzee Mrutu.

Mzee Mrutu alikuwa na pikapu, Pijo la rangi ya buluu, na enzi hizo huku mlimani hapakuwa na gari jingine. Tangawizi ilishuka nalo, saruji ilipanda nalo, maharusi walipanda nalo, na maiti pia. Alikuwa na wana wawili. Kangero, mkubwa, ndiye aliyeendesha pamoja na baba yake mpaka mkono wake ukalizoea. Togolai, mdogo, alikuwa mtu wa shamba na mdomo.

Mzee alipofariki, hata matanga hayajaanuliwa, vijana wakashikana. Kangero alisema gari ni la aliyelihudumia. Togolai akasema gari ni la baba, liuzwe, kila mtu apate chake. Maneno yakawa makali, wakaambiana yasiyosemwa kati ya watu walionyonya ziwa moja. Mwishowe mama yao, Bi Nanzia, akachoka nao. Akaamuru gari likaegeshwe nyuma ya jiko lake, lisiwe la huyu wala la yule, na funguo akazifunga kwenye pindo la kanga yake. Kangero aliliegesha peke yake asubuhi moja, hakutaka mtu karibu. Kisha akahamia ng'ambo ya bonde. Tangu hapo ndugu hao hawakupeana hata salamu. Kwenye msiba mmoja akikaa kulia, mwingine anatafuta kushoto.

Miaka ikapita, Pijo limelala. Kuku wakataga mayai kwenye bodi lake la nyuma. Ndipo Bi Nanzia alipoteleza mtoni akavunjika nyonga, akateremshwa hospitali kule tambarare kwa machela, watu wakipokezana. Wana wake walikwenda kumwona wote wawili, ila kila mmoja na siku yake.

Mama yule alikaa huko muda mrefu, na joto la tambarare likamwonea. Siku moja Togolai akaambiwa mama ameruhusiwa, aje amchukue. Bi Nanzia alimshika mkono akamwambia hana ombi lingine, anataka kulala nyumbani kwake, kwenye baridi yake. Funguo akampa. Lakini mawingu yalikwishaanza kukaa juu ya milima, na mnajua barabara yetu: mvua ikishashika, inakatika mpaka kiangazi. Basi lilikuwa linaishia njiapanda, na machela ya kupandisha mlima si sawa na ya kushuka. Mfupa wenyewe ulikuwa ndiyo kwanza umeunga. Daktari alisema akipandishwa kwa kutikiswatikiswa utaachia, na safari hii hautaunga. Kwa hiyo lilibaki lile Pijo, litandikwe godoro nyuma, liende polepole. Togolai alipanda mlima akiwa na jambo moja tu kichwani, kwamba asipoliwasha kabla ya mvua, mama yake atafia ugenini.

Akamwita fundi Mshana. Mshana alikuwa fundi mzuri, msije mkamcheka. Alikuta gari limepandishwa juu ya mawe, magurudumu yanaelea, betri imeondolewa. Togolai alipoona mawe yale akasonya, akasema tazama alivyolitundika ili nisiliguse. Fundi akaweka betri nyingine, akamwaga petroli iliyooza akatia mpya, akasafisha kabureta na plagi, akalishusha. Akapiga stata. Injini ikashika, ikakohoa, ikazima. Akapiga tena. Ikashika, ikakohoa, ikazima. Mshana akafungua tena kabureta, akapuliza kila kitundu mpaka mashavu yakamuuma, na bado ni yaleyale.

Sasa nyinyi mnatujua Wapare. Jambo likitushinda mmoja mmoja, dawa yetu ni msaragambo. Pembe ikipulizwa, kila mwenye mikono anatoka: mfereji, barabara, shule, vyote tumevijenga hivyo. Basi Togolai akaomba pembe ipulizwe. Watu wakaacha tangawizi mashambani wakaja. Tukalisukuma Pijo kwa nyimbo mpaka kule juu kanisani, tukaliachia mteremkoni, Mshana akatia gia ya pili. Likashtuka, likaunguruma, watu wakaanza kushangilia, likazima pale kwenye daraja. Tukalirudisha juu. Likazima palepale. Tukalirudisha tena. Jasho lilitutoka mpaka nyimbo zikaisha, tukawa tunasukuma kimyakimya, na mawingu nayo yanazidi kushuka.

Hapo ndipo minong'ono ilipoanza. Mmoja akasema gari hili si bure. Mwingine akasema mbona Kangero hakuitikia pembe. Wa tatu akamalizia kwamba Kangero amelifunga, alilifunga siku ileile alipoliegesha peke yake, ndiyo maana hakutaka mtu karibu. Togolai alisikia yote hayo. Na niwaambie ukweli, aliyaamini. Alisimama ameegemea mlango wa gari, moyo umemjaa sumu, akawaza kwamba ndugu yake amemchukia kiasi cha kumzuilia mama yao asirudi nyumbani.

Aliyemtoa hapo ni shangazi yake, Namkunda, mwanamke mfupi mwenye maneno mafupi kama yeye. Alikuwa amekaa juu ya jiwe akijikanda kiuno.

"Gari hili aliliegesha nani?" akauliza.

Wakamjibu ni Kangero.

"Na anasemaje?"

Watu wakatazamana. Fundi akamtazama Togolai, Togolai akatazama viatu vyake.

"Mgongo wangu huu umesukuma tangu asubuhi," Namkunda akasema, "na kumbe hakuna aliyemuuliza aliyeegesha?"

Togolai akalitazama wingu, akamkumbuka mama yake alivyomshika mkono, akaanza kushuka bondeni. Njia ile si ndefu, ila siku hiyo aliiona ndefu. Alikuwa tayari kwa lolote, kwa ngumi au kwa matusi. Jambo lililokuwa zito mdomoni mwake ni salamu tu.

Alimkuta Kangero amesimama mlangoni kwake, shati la kazi mwilini, chuma chembamba chenye ndoana mkononi.

"Shikamoo, kaka."

Kangero akakishusha kile chuma. "Marahaba."

"Mama ameruhusiwa. Gari linakataa."

"Najua. Nimelisikia likikohoa tangu asubuhi. Nilikuwa nakungoja wewe."

"Kwa nini hukuja?"

"Ningekuja bila kuitwa, Togo, ungesema nimekuja kulichukua gari."

Na kweli, angesema hivyo. Togolai alilijua hilo. Wakapanda mlima pamoja, mmoja mbele mmoja nyuma.

Walipofika, watu walisogea kumpisha. Kangero hakugusa boneti. Alizunguka nyuma ya gari, akapiga magoti, akaingiza kile chuma kwenye bomba la moshi, ndani kabisa, akavuta. Likatoka gunzi la hindi, limekauka na kukaza kama kizibo.

"Nyigu," akasema, akijipangusa magoti. "Hupenda kujenga humo. Baba ndiye aliyenifundisha: gari likilala, lizibe nyuma, liinue lisikalie matairi, na betri uitoe. Nilijua siku moja tutalitaka."

Togolai alilitazama lile gunzi, akayatazama yale mawe waliyoyatupa pembeni. Miaka yote hiyo alidhani kaka yake aliliacha gari kwa chuki, na kumbe alilitunza. Alijisikia mwepesi ghafla, mwepesi mpaka machozi yakamtoka mbele ya watu, na hakujali. Akazitoa funguo akamwekea Kangero mkononi. "Endesha wewe," akamwambia. "Mimi mkono wangu haulijui."

Kangero akapiga stata. Likashika, likakohoa, likatema moshi mweusi uliotupaka sote nyuso, kisha likatulia likiunguruma vizuri kabisa. Vigelegele vilivyopigwa hapo vilisikika mpaka ng'ambo ya bonde. Godoro likatupwa nyuma, ndugu wakaingia mbele, wakateremka.

Walirudi jioni ileile, na mvua ikaanza kunyesha walipokuwa wanampitisha mama mlangoni. Tulimlaza kitandani kwake, tukamfunika, tukamuuliza kama njia ilimsumbua, kama mfupa umemuuma. Bi Nanzia akatabasamu.

"Sikusikia mfupa," akasema. "Niliwasikia wale wawili huko mbele, tangu tambarare mpaka hapa, wanagombania gia. Nikajua nimefika nyumbani."

Alikaa nasi miaka mingi baada ya hapo. Na sisi tuliosukuma tukapata usemi wa kuwatania watu wenye haraka, halafu utani ukaisha, ukabaki ukweli wake. Mke na mume wakija kwa wazee wanalaumiana, wazee hawaanzi kuamua, wanaanza kuuliza. Mtu akikuta jambo limekwama na anakunja mikono ya shati kulikurupukia, huwa anaulizwa kwanza nani aliliweka hivyo, na kama amekwenda kumsalimu. Maana nguvu za kijiji kizima zilishindwa na gunzi moja, na shikamoo moja ikaliondoa. Kabla hujasukuma, muulize aliyeegesha.