Kifaru Aliyekula Shikamoo

Nani huyo mlangoni?
— Hadithi.
Imekula?
— Bado.
Basi ipeni masikio.
— Ile ishibe.

Bonde lenyewe nalijua mimi peke yangu. Nyasi zake zilikuwa ndefu hata twiga akipita unaona pembe tu.

Humo alikaa Nguchiro na wanawe watatu. Mama mdogo, mwili wa kiganja, akili ya kujaza gunia. Aliona huko juu udongo umeporomoka ndani ya mto, akajua siku moja mto utazibwa kabisa, na ukizibuka, bonde lote litazolewa. Akawafundisha wenzake: "Mto ukinyamaza, acha kila kitu, panda kilima."

Watoto aliwapa wimbo: "Mto kimya, miguu juu. Mto kimya, miguu juu." Wakaushika siku hiyohiyo, wakaimba mpaka wakakera. Watu wazima, Pundamilia na wenzake, wakasema, "Tumesikia, mama, acha kwanza tumalize kula." Akabaki mzee Kifaru.

Kilima kilikuwa na njia moja tu, kati ya miamba miwili, na Kifaru alilala hapohapo, kaiziba kama kizibo. Tena alikuwa na uroho wa shikamoo. Ukimpa moja anataka kumi. "Sijasikia. Rudia."

"Babu, siku ya maji utupishe," Nguchiro akamwambia.

"Miaka tisini nalala hapa. Maji hayajawahi kunivuka kwato. Wewe uliyefumbua macho juzi ndiyo unifundishe maji?"

Asubuhi moja mto ukanyamaza. Samaki wakabaki wanarukaruka kwenye tope, pwata, pwata. Watoto wakaanza, "Mto kimya, miguu juu," hao mpaka njiani. Watu wazima wakaacha majani mdomoni, wakawafuata. Wote wakagota kwenye makalio ya Kifaru.

"Babu, pisha."

"Pisha ndiyo salamu ya kwenu?"

Nguchiro akawatazama wanawe, wamebanwa katikati ya kwato za pundamilia. Hapo akaelewa: watoto aliwapa wimbo, mzee huyu hakumpa kitu. Akapanda mgongo wa Kifaru, tiki tiki tiki, akashukia mbele ya pua yake, akasogea juu hatua kumi.

"Shikamoo, babu," kwa sauti ndogo.

"Sijasikia. Rudia."

Akasogea tena hatua kumi. "Shikamoo, babu."

"Sauti gani hiyo, ya mbu? Njoo karibu."

"Naogopa pembe, babu. Ifuate mwenyewe, iko hapa."

Kifaru akainuka. Ndi, ndi, ndi.

"Shikamoo, babu."

"Sijasikia. Rudia."

Ndi, ndi, ndi. Nyuma yake bonde zima linamfuata kwa ncha za kwato, hakuna anayekohoa. Wakapanda hivyo mpaka kileleni.

Ndipo yakaja. Vuuuuu. Maji yalikuwa yamesimama, nasema yamesimama wima, marefu kuliko minara mitatu ukiipandanisha, meusi, yamebeba mivule na mizizi yake, yanagonganisha mawe makubwa kama nyumba, kong, kong. Ile miamba miwili ya njiani yakaing'oa kama meno ya utoto. Kisha hapakuwa na bonde. Palikuwa na maji yanayopumua.

Nguchiro akawahesabu wanawe kwa pua, mmoja, wawili, watatu, akaanza upya.

Kifaru akakunja magoti polepole. Miaka tisini alikuwa anapokea tu. Akayainamishia maji pembe, akasema, "Shikamoo."

Maji hayakuitika.

Akarudia.

Nimefika ukingoni, mbele sina pa kukanyaga. Mwenye miguu mirefu aendelee. Fundisho lake ni hili: mtu mzima hafundishwi hatari, anazijua zote. Wafundisheni watoto, maana wao ndio wagumu wa kuelewa. Mimi hapa nina miaka arobaini na minane, sijafundishwa chochote, na mnaniona mzima.