Meza ya Mbao za Nyumba Mbili

Hapo zamani, siku ya Jumanne, saa saba mchana, meza ya Mzee Kaniki wa Mombo ilipasuka. Ilitoa mlio mmoja, kaa, kama tawi kavu linapokanyagwa. Hakuna aliyekuwa ameigusa. Sahani nne zilikuwa juu yake na wali ulikuwa haujapakuliwa.

Hayo hayana ubishi. Ubishi ulianza baadaye.

Kaniki alikuwa karani wa mizani katika kiwanda cha mkonge. Miaka ishirini na saba alipima marobota, na hakuandika uzito ambao hakuuona kwa macho yake. Mkewe wa kwanza alifariki akamwachia mtoto mmoja wa kiume, Mhina. Kule milimani, Bumbuli, Bi Saumu naye alifiwa na mumewe akabaki na binti mmoja, Hidaya. Kaniki akapeleka posa, posa ikakubaliwa, mama na binti wakashuka Mombo.

Watoto wale wawili walikuwa watu wazima tayari, na watu wazima hawaambiwi pendaneni wakapendana. Mhina alikula barazani. Hidaya alikula jikoni. Kaniki na mkewe walikula sebuleni, wawili, wakisikiliza vijiko vya wenzao kutoka pande mbili za nyumba.

Miezi minne ikapita hivyo. Ndipo Bi Saumu akasema, "Baba Mhina, nyumba hii haina mahali pa kukaa watu wanne. Tutengeneze meza."

"Meza zipo dukani."

"Sitaki ya dukani. Wewe lete mbao zako, nami nilete zangu. Iwe meza ambayo hakuna atakayeambiwa amekaribishwa."

Kaniki akalipenda neno hilo. Akaenda kumwita Fundi Singano.

Kwanza Kaniki alimwonyesha fundi mataruma ya reli yaliyokuwa yamerundikwa nyuma ya nyumba ya jirani. Singano akainama, akanusa, akasimama.

"Mzee, hizi zimelishwa lami na dawa ya mchwa miaka arobaini. Utakula wali au utakula dawa?"

Wakaacha mataruma. Wakaenda kwenye ghala la zamani la mkonge lililokuwa linabomolewa, na hapo wakapata mihimili ya mvule. Singano aligonga kila mmoja kwa kifundo cha kidole akasikiliza. Alichoma kwa msumari mwembamba kutafuta njia za wadudu. Alipitisha sumaku juu yake, na kila iliponasa, aling'oa msumari wa zamani. Kaniki alimfuata nyuma akiuliza, huu je, na huu, na kwa nini si ule? Kazi ile ilimpendeza. Ilifanana na kupima.

Bi Saumu naye alipanda Bumbuli akarudi na mbao za mkulo. Zilikuwa za ukuta wa nyumba aliyoishi na marehemu mumewe, nyumba iliyobomolewa shemeji zake walipogawana kiwanja. Singano akazipokea moja moja, akazigeuza. Kwenye ubao wa tatu akasita.

"Mama, huu ulipasuliwa katikati ya gogo. Una kiini, na kiini hakitulii. Tuuweke kando."

"Hapana, fundi. Huo ndio niliofuata."

Kwenye ubao ule kulikuwa na mikato kumi na mmoja ya kisu, mmoja juu ya mwingine. Kila Idi, marehemu alimsimamisha Hidaya ukutani, akakata alama juu ya kichwa chake. Singano aliitazama mikato, akamtazama Bi Saumu, akauweka ubao pamoja na mingine.

Akasema, "Basi mbao hizi za milimani zimezoea ukungu. Zilazwe humu ndani miezi mitatu zizoee joto la Mombo, ndipo niziunge."

Zikalazwa. Wiki ya tano Kaniki akaja karakana.

"Singano, Idi ni baada ya siku kumi. Nimeshamwambia dada yangu wa Korogwe kwamba safari hii atatukuta tunakula pamoja."

"Nilisema miezi mitatu, Mzee."

"Wiki tano si haba. Na uifunge vizuri. Sitaki meza inayotikisika."

Singano akaunga mbao sita, tatu za mvule na tatu za mkulo, mmoja huu, mmoja ule. Akaufunga uso wa meza kwenye miguu kwa skrubu ishirini na nne. Akawaachia chupa ya mafuta ya kitani na maneno machache: wapake kila mwezi, juu na chini, wasiweke sufuria ya moto moja kwa moja, wasiifute kwa kitambaa kinachochuruzika maji.

Idi ikafika, dada wa Korogwe akaja, wakala pamoja. Hata alipoondoka waliendelea kukaa wote wanne.

"We wa milimani," Mhina alisema siku moja, "pilipili hiyo itakuua."

"Nyie wa Mombo jua lilishawaua zamani," Hidaya akajibu. "Mnatembea tu."

Kaniki alisikia kicheko cha kijana wake, akaendelea kula kana kwamba hakusikia.

Halafu ikaja Jumanne ile, na mlio ule.

Mhina ndiye aliyesema kwanza. "Mbao za milimani hizo. Zimetukataa."

"Zimekataa kuchomwa," Hidaya akasema. "Nani aliyeihamishia juani?"

"Na wewe uliyeachiwa mafuta?"

Mhina akachukua sahani yake akatoka barazani. Hidaya akachukua yake akaingia jikoni. Kaniki akabaki amesimama mbele ya meza. Hasira zikampanda, naye mtu asiyezoea hasira hajui pa kuzishushia. Akapaza sauti ifike barazani na jikoni.

"Kwa kaburi la mama yangu, aliyeipasua meza hii hatakaa tena kwenye meza hii!"

Bi Saumu akaweka mwiko chini.

"Umeapa kabla ya kupima, Baba Mhina."

"Nimeshaapa."

"Basi nisikie na mimi. Akiwa ni mwanangu, naondoka naye."

Sauti ya Mhina ikaja kutoka nje. "Na nikiwa ni mimi, baba, wajomba zangu Muheza wana chumba."

Kaniki hakulala vizuri. Kuanzia utotoni hakuwahi kurudisha kiapo, na kwa mama yake hakuwa ameapa kabla ya siku ile.

Kesho yake Mombo ilikuwa imeshapata habari. Majirani walikuja, wakatazama, wakatoa hukumu: mti wa milimani na mti wa mabondeni haiungiki, na ndoa ile nayo ndivyo. Kaniki aliwaacha waseme. Walipoondoka, alichana ukurasa kwenye daftari lake, akapiga magoti. Akapitisha ukingo wa karatasi kwenye maungio ya kwanza, mvule na mkulo. Karatasi haikuingia. Akajaribu ya pili. Haikuingia. Ya tatu, ya nne, ya tano. Haikuingia hata moja.

Kisha akapitisha karatasi kwenye ufa. Ikazama.

Ufa haukuwa kwenye maungio. Ulikuwa ndani ya ubao mmoja, ule wenye mikato kumi na mmoja, ukianzia ukingoni na kupita kati ya mkato wa saba na wa nane. Mbao za nyumba mbili zilikuwa bado zimeshikana. Kaniki alikaa sakafuni muda mrefu akilitazama jambo hilo. Alichokuwa nacho sasa ni jibu la majirani. Jibu la kiapo chake hakuwa nalo.

Ijumaa, baada ya sala, akawaita wote. Akamwita na Singano. Wakasimama kuizunguka meza.

"Nataka kujua nani aliipasua," Kaniki akasema. "Kila mtu aseme alichofanya, si alichofanya mwenzake."

Singano akaanza. Alilala chali, akaingia chini ya meza na tochi, akatoka na vumbi kichwani.

"Mbao husinyaa joto likizidi. Hizi zilitaka kusogea, mimi nikawa nimezikaza kwa skrubu ishirini na nne. Hazikuwa na pa kwenda. Ningetoboa matundu mapana zingesogea kidogo na meza ingepona. Lakini niliambiwa isitikisike. Nimefanya nilivyoambiwa. Kosa langu liko wapi?"

"Ulijua?" Kaniki akauliza.

Singano akajipangusa vumbi. "Nilijua."

Mhina akafuata. "Mimi niliisogeza dirishani. Mama mdogo alikuwa anachagua mchele kwenye kona ile, anauinamia mpaka pua inagusa ungo. Nikaona aje kwenye mwanga. Sikuambiwa kama meza inaogopa jua. Ningejua ni meza ya kulelewa ningeinunulia mwavuli. Kosa langu liko wapi?"

Bi Saumu akamtazama. Alikuwa hajawahi kuulizwa na Mhina kama anaona vizuri, na hakujua kwamba alikuwa anatazamwa.

Hidaya akakunja mikono. "Mafuta nilipaka kila mwezi. Juu."

"Na chini?" fundi akauliza.

"Nani anakula chini ya meza?"

"Dada, ukipaka juu tu, juu hubaki na unyevu wake, chini hukauka. Ubao unavutwa pande mbili."

"Sasa nilale chali sakafuni, mafuta yanidondokee machoni? Nilipaka panapoonekana. Miezi yote hakuna hata mmoja wenu aliyeshika kitambaa kunisaidia, leo mnauliza chini. Kosa langu liko wapi?"

Bi Saumu hakuuliza kosa lake liko wapi. Aliweka kidole kwenye mkato wa saba.

"Fundi aliniambia niuweke kando, nikakataa. Hapa Hidaya alikuwa na miaka tisa. Nilitaka baba yake naye awe na mahali kwenye meza hii. Ubao mwingine usingepasuka. Lakini bila ubao huu nisingeitaka meza."

Kaniki akafungua daftari ili aandike. Singano akamkoholea.

"Mzee, hujamaliza."

"Kuna nani tena?"

"Mimi nilisema miezi mitatu. Wiki tano alisema nani?"

Kaniki akalifunga daftari. Akalifungua tena.

"Ni mimi," akasema.

Mhina akaanza kucheka, akajizuia. "Baba, mambo haya ni mepesi. Sema ni fundi. Yeye hana kiti hapa, akitolewa hakuna anayeumia. Tule."

"Hakuna anayeumia?" Singano akageuka. "Kesho Mombo yote itasema Kaniki ameapa kwa kaburi la mamake na kaburi limemwangukia Singano. Nani ataniletea mbao tena? Kiti sina, kweli. Jina ninalo."

"Na kumtoa mtu asiyekaa ni kumtoa nani?" Hidaya akasema. "Kama umeapa, Baba, umetuapia sisi. Usitafute mlango wa nyuma."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita Baba. Kaniki aliisikia, na hakupenda kwamba ilikuja na maneno hayo.

"Niondoke mimi basi," akasema. "Niliharakisha."

Bi Saumu akatikisa kichwa. "Meza ya watu wanne, mwenye nyumba anakula nje? Itakuwa uliapa ili upate baraza. Na wewe uliharakisha siku, hukunichagulia ubao. Kama ni kutoka, anayetoka ni mimi."

"Ukitoka natoka," Hidaya akasema.

"Na sisi tutabaki kula na nani?" Mhina akasema, na safari hii hakucheka.

Kaniki akaomba siku nne.

Katika siku hizo Singano aliitengeneza meza. Alilegeza skrubu zote, akapanua matundu yake. Alichonga vipande vitatu vya mvule, vipana kwenye ncha na vyembamba katikati, akavizamisha kwenye ubao wa mkulo kuukatiza ufa usiendelee. Mikato kumi na mmoja aliiacha kama ilivyokuwa. Mhina aliirudisha meza mbali na dirisha, akahamisha taa juu ya kona ile. Hidaya alilala chali sakafuni akapaka mafuta chini, na alipoinuka mafuta yalikuwa shavuni. Hakuna aliyemwambia.

Jumanne, saa saba mchana, chakula kiliwekwa mezani. Ulikuwa wali na kunde na mchicha. Kaniki alikuwa amemwalika Singano, na kiti kimeongezwa, ili hata yeye awe na pa kutolewa. Viti vikawa vitano, sahani tano. Kila mmoja akasimama nyuma ya kiti chake, mkono juu ya egemeo. Hakuna aliyekaa.

"Sema, Baba Mhina," Bi Saumu akasema. "Wali unapoa."

Kaniki aliwatazama mmoja mmoja. Kisha akatoka nyuma ya kiti chake, akaizunguka meza, akasimama kando ya kiti kimoja, akakishika kwa mikono miwili.

Hadi hapo mashahidi wote wanakubaliana. Kiti kilikuwa cha nani, kila anayesimulia ana chake, na nimewasikia wakigombana.

Basi semeni nyinyi mliokaa. Kuna mama aliyechagua ubao aliokatazwa, kwa ajili ya marehemu. Kuna fundi aliyejua akanyamaza. Kuna kijana aliyeisogeza meza juani ili mama yake mdogo aone. Kuna binti aliyefanya nusu ya kazi, kazi ambayo wengine hawakuifanya hata robo. Na kuna baba aliyeharakisha mbao, kisha akaharakisha kiapo.

Je, nani alistahili kuondolewa kiti?